Mashine ya mzee wa Lulindi

Wapo wanaonunua ng'ombe kwa kumkagua meno. Mimi mashine yangu ya kupulizia mikorosho niliinunua kwa kunusa tanki.

Tanki lenyewe lilikuwa kavu. Mzee alifungua kifuniko, akaisogeza mashine mpaka puani kwangu, akasema, "Nusa, mwalimu." Nikanusa. Nikasubiri harufu ya petroli, haikuja. Ilikuja ya plastiki kuukuu na vumbi. Nikamwambia sisikii kitu. "Haya basi," akasema, akafunga kifuniko kama vile maongezi yameisha. Ilinigharimu msimu mzima na fedha za kutosha kuelewa alikuwa ananionyesha nini.

Shamba ni la marehemu mama, upande wa Kitangari, mikorosho 72, ekari mbili na ushee. Miaka ya mwanzo baada ya kulirithi nilikuwa mkulima wa simu. Nafundisha Newala mjini, nampigia mpulizaji, namtumia hela, ananijibu "tayari, mwalimu". Mpulizaji wangu alikuwa mtu mzuri sana wa maneno. Tatizo lake lilikuwa saa. Wateja wake walikuwa wengi na mimi nilikuwa wa mkiani, kwa hiyo kwangu alifika saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, umande umekauka, upepo umeamka. Siku niliyokwenda kushuhudia mwenyewe nilikuta wingu langu la manjano la salfa, ile dawa ya unga, linavuka mpaka polepole, linakwenda kutua kwenye mihogo ya jirani. Mihogo haiugui ubwiri unga wa mikorosho. Salfa ilikuwa yangu.

Kwa msomaji asiyekulia huku kwetu: ubwiri unga ni ukungu unaoingia mikorosho inapoanza kutoa majani machanga na maua, kuanzia Juni hivi, kipindi cha baridi na umande. Unaliona tawi limepakwa kitu kama unga wa muhogo. Ukilitazama ua kwa karibu, vishada vidogo vimejikunja, vimepauka, na baada ya siku kadhaa vinakuwa kahawia na kupukutika ukivigusa. Ua likishafika hapo limekwenda, salfa hailirudishi. Kazi ya salfa ni kuutangulia ugonjwa. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, pale nje kidogo ya Mtwara mjini, wamekuwa wakiwaambia wakulima waanze maua yanapochomoza, gramu 250 kwa mti mkubwa, warudie kila baada ya siku 14, mpaka mara tano. Kwa miti yangu 72 ni kilo 18 kwa mzunguko mmoja. Mfuko wa kilo 25 unatosha na kubaki. Na ipigwe alfajiri, upepo umelala na majani yana unyevu, ili unga uning'inie mtini usiende kwa watu.

Sasa alfajiri ndiyo kitu ambacho mpulizaji wa kukodi hawezi kukuuzia. Anayo moja tu kwa siku, na wateja kumi. Nikaamua kutafuta mashine yangu.

Mpya zilikuwa juu ya uwezo wa mwalimu mwenye watoto wawili sekondari. Za mtumba zilikuwepo, ila nyingi zimepita mikono ya wapulizaji wa kukodisha, na mashine ya kukodisha ni kama bodaboda ya mkataba, kila mtu anaibana ampe chake cha leo. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyeniambia habari za mzee mmoja Lulindi, kule chini ukishashuka kutoka Newala, amezeeka, hawezi tena kubeba mgongoni, na watoto wake wako Dar es Salaam hawataki hata kusikia neno korosho.

Nilimpigia, nikamwambia nitafika saa nne. Akakataa. "Njoo kabla sijaiwasha," akasema. "Ukifika saa nne utaikuta ya moto, utasema nimekuficha kitu." Mpaka leo hilo ndilo somo la kwanza ninalompa mtu anayetaka kununua injini yoyote kuukuu. Ifikie ikiwa baridi. Muuzaji anayekupokea huku mashine inanguruma amekuondolea swali kubwa kuliko yote, kwamba inawakaje asubuhi. Ukifika, gusa silinda kwa kiganja kabla hata hamjasalimiana vizuri.

Nilishuka na pikipiki gizani, koti mbili, nikafika saa kumi na moja na nusu. Shikamoo, marahaba, habari za safari. Mashine haikuwa sakafuni. Ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti ya stoo kwa kamba ya katani, imevikwa kiroba. Akaishusha mwenyewe, akitweta, hakutaka nimsaidie. Kibandiko cha jina kilikuwa kimefutika, na jina la aliyeitengeneza halisomeki. Huku ukisema mashine ya mgongoni ya Kijerumani watu wanakutajia Solo au Stihl, lakini yangu sina ushahidi. Kilichobaki ni maneno mawili chini ya kishikio: West Germany. Nchi hiyo haipo tangu Oktoba 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Kwa hiyo hata kama ilitoka kiwandani siku ya mwisho, ina umri wa kuoa na kuachika.

Mzee alisema aliipata wakati mikorosho ya huku imeshakata tamaa. Hesabu za nchi zinamuunga mkono. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho tani zipatazo 145,000, na msimu wa 1986/87 zikawa chini ya 17,000. Tusiusingizie ubwiri kila kitu, watu walihamishiwa vijijini wakayaacha mashamba yao mbali, na bei nayo haikumvutia mtu kutembea maili kumi kwenda kupalilia. Lakini ukungu ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuta miti tayari imetelekezwa. Mzee anasema walipoletewa habari ya kuipaka miti unga wa manjano walicheka. Mti unapakwa poda kama mtoto mchanga?

Basi akanipa kishikio cha kamba ya kuwashia. "Vuta polepole, usiwashe." Kamba ikaja, ikakwama, kana kwamba kuna mtu ndani ameshika ncha ya pili, kisha akaachia. Nikavuta tena, ikakwama palepale. Huo mkono wa ndani ndio mgandamizo. Kamba ikija laini mwanzo mwisho, ringi za pistoni zimekwisha au silinda imechubuka, rudi kwako. Halafu akafungua plagi, akairudisha kwenye kofia yake, akaigusisha kwenye bati la silinda kwa kitambaa kikavu, akaniambia nivute kwa nguvu. Bado kulikuwa na giza stoo. Nikaona cheche ya buluu, nyembamba, ikilia kama mende anayekanyagwa. Cheche nyekundu nyekundu ya kivivu, alisema, ni koili, yaani kile kinachozalisha cheche, inayoaga.

Ndipo akaninusisha tanki. Ndipo akatia mafuta, akavuta choki, na mvuto wa nne mashine ikapiga kelele iliyoamsha mbuzi wote wa Lulindi. Alitaka 250,000, tukaishia 220,000. Wakati naifunga kwenye pikipiki akanisogelea, akasema kwa sauti ya mtu anayekabidhi mjukuu: "Usiilaze na mafuta. Usiilaze na salfa. Usiilaze chini." Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku nakaza mpira wa kufungia.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa raha, na nitausema kwa kifupi kwa sababu raha haina habari. Naondoka nyumbani saa kumi usiku, saa kumi na moja niko chini ya mti wa kwanza. Kabla hujawasha ya kwako unazisikia za wenzako, moja huku, moja kule, na baada ya wiki mbili unajua nani ameamka na nani amelala kwa mlio tu. Wanafunzi wakaniita Mwalimu Salfa. Pete yangu ya fedha ikawa nyeusi, salfa inafanya hivyo, na mke wangu akaniuliza kama nimeivua nikaenda mahali. Nikamwonyesha kidole.

Jambo moja tu lilinitisha. Mashine ilikuja bila mnyororo. Mzee alisema ulikatika zamani, akaona haina haja. Asubuhi ya pili, nikiwa na salfa nusu ya pipa la mashine, niliugusa waya wa uzio kwa mkono uliokuwa umeshika mrija, nikapigwa shoti mpaka kiwiko. Afisa ugani ndiye aliyenieleza. Unga mkavu ukipita kasi ndani ya mrija wa plastiki unasugua na kuzalisha umeme, na salfa ni kitu kinachoshika moto upesi. Ndiyo maana mashine za unga hufungwa waya ndani ya mrija na kijinyororo kinachoburuza chini, umeme uende ardhini usisubiri cheche. Nilichuna waya wa shaba kutoka kipande cha kebo, nikaupitisha mrijani, nikaunga mnyororo wa taa ya ukutani iliyovunjika. Unaburuza mpaka leo. Ukiona mtu anapiga salfa na mashine isiyo na mkia huo, mwambie, hata kama humjui.

Mafuta nayo yana adabu yake. Hii ni injini ya kuchanganya, haina oili yake pembeni, oili inaingia pamoja na petroli. Hizi za zamani nyingi ni moja kwa 25, maana yake mililita 40 za oili kwa lita ya petroli. Mpya nyingi ni moja kwa 50, yaani mililita 20. Huku watu wanachanganya kwa kuangalia rangi, na rangi ya petroli ya kwenye chupa inategemea chupa. Mimi nina bomba la sindano la mililita 20, nilinunua duka la dawa. Mawili kwa lita, basi. Jirani yangu mmoja alisahau oili asubuhi moja tu, pistoni ikang'ang'ania silinda katikati ya mti wa tatu, na hiyo ndiyo ikawa asubuhi ya mwisho ya mashine yake.

Sasa dhambi yangu. Mwishoni mwa Septemba nilimaliza mzunguko wa tano, nikafika nyumbani nimechoka, kesho yake kuna mitihani ya darasa la nne ya majaribio, kisha korosho zikaanza kudondoka, kuokota, kuanika, kupeleka chama cha msingi, mnada, mvua. Mashine ilikuwa stoo, sakafuni, mafuta robo tanki, salfa kiasi cha vikombe viwili ndani ya pipa lake. Nilikuwa nimeyavunja yote matatu bila kuacha hata moja.

Juni iliyofuata nilivuta kamba mpaka bega likalia. Hakuna.

Fundi wa kwanza, kijana wa bodaboda, aliifungua kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, hapohapo juu ya kiti cha pikipiki. Ndani ya bakuli lake petroli ilikuwa imekauka ikaacha utomvu wa kahawia, unanata kama asali iliyoungua, wenye harufu ya rangi ya mafuta. Boya limegandia. Jeti, kile kitundu ambacho petroli hupitia, kimeziba kabisa. Kijana akachomoa uzi mmoja wa chuma kutoka kebo ya breki, akauchomeka kwenye jeti, akauzungusha. Nikaona ni ufundi. Mashine ikawaka, ikatoa moshi kama tanuri la mkaa, ikala lita moja kwa miti ambayo zamani ilikula nusu. Alikuwa amekipanua kitundu. Shaba ni laini, chuma hakiihurumii.

Nikaipeleka Masasi, mtaa wa Mkuti, kwa fundi mtu mzima ambaye kazi yake ni misumeno ya kukatia mbao. Huyu alifanya kazi polepole mpaka nikataka kumlipa aniruhusu niondoke. Akaitia jeti nyingine aliyoitoa kwenye kopo la maziwa lililojaa vikorokoro. Vitundu vingine alivizibua kwa njiti ya ufagio wa chelewa aliyoichonga kwa wembe mpaka ikawa nyembamba kama unywele wa farasi, akisema mti ukikataa unavunjika wenyewe, hauvunji. Kisha akaiwasha, akaachia mafuta, akasikiliza. Mashine haikutulia, ilipanda yenyewe, ikashuka, ikapanda. "Inavuta hewa," akasema. Sili, vile vipete vya kuzuia hewa kwenye kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, zilikuwa zimekauka, na injini ya namna hii ikivuta hewa pembeni inapata mafuta kidogo, inakimbia, inachemka, inajiua. Hakuwa na sili za mashine hiyo, na hakuna dukani. Akaichomoa ya zamani kwa bisibisi, akaipangusa, akanionyesha namba tatu zilizoandikwa ubavuni. Ya kwanza kipenyo cha ndani, ya pili cha nje, ya tatu unene. "Sili haijui iko kwenye mashine gani," akasema. Nikazunguka maduka ya spea za pikipiki na ile namba kwenye karatasi, la tatu wakanipa.

Upande wa salfa ndio ulionihuzunisha. Vikombe vile viwili vilikuwa vimevuta unyevu wa masika, vikawa jiwe la manjano, na palipogusana na bati pameliwa. Skrubu mbili zilikatika vichwa kabla hazijazunguka hata robo. Kile kibati kinachofungua na kufunga salfa kilikuwa na matundu unaona jua. Fundi alikikata kipya kutoka kwenye debe. Jumla ya matengenezo, na nauli ya kupanda na kushuka, nilitumia 94,000. Na nikakosa mizunguko miwili ya kwanza, ambayo ndiyo yenyewe.

Mwaka huo huo, Novemba, mpwa wangu alinipigia kutoka Montreal. Amenunua kwa jirani yake mashine ya kupulizia theluji, ya miaka ya 1970, nzito kama ndama, na haiwaki. Mama yake, dada yangu, aliposikia akauliza: theluji nayo inaugua nini? Tukamweleza kwamba hiyo haipulizi dawa. Mbele ina chuma cha kuzunguka, kama kile cha ndani ya mashine ya kusaga nyama, kinaikusanya theluji, na nyuma yake pangaboi linairusha pembeni kupitia bomba refu mfano wa dohani. Mpwa wangu alinitumia picha na maelezo, kwamba aliyeibuni ni mtu wa hukohuko Quebec, Arthur Sicard, mwaka 1925. Kile chuma kimeshikiliwa na pini laini zilizowekwa makusudi zikatike kikigonga jiwe au barafu, ife pini isife giaboksi. Yeye pini ilikuwa imekatika akaweka bolti ngumu. Nikamwambia aitoe leo leo. Nikamkataza pia kuzibua bomba kwa mkono, hata injini ikiwa imezimwa, atumie mti.

Halafu nikamuuliza, "Aliyekuuzia, kiangazi chote aliilazaje?"

Akanyamaza. Nikaujua ule unyamavu.

"Ina mafuta ya lini humo ndani?"

"Mjomba, niliyakuta."

Nikamwambia afungue bakuli la kabureta, atakuta kitu kama asali iliyoungua. Baada ya saa moja akanitumia picha. Sijawahi kushika theluji maishani mwangu, lakini uchafu ule nilikuwa nimeulipia.

Siku hizi kuilaza mashine kunanichukua mchana mmoja wa Septemba, na siku hiyo siitwi kwa lolote. Salfa inatoka yote, pipa linapanguswa kwa brashi kavu, kamwe si kwa maji. Mafuta yanamwagwa, kisha naiwasha iyanywe yaliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Inavyokaribia kuzima inapandisha mlio ghafla, mara moja, kisha kimya. Plagi natoa, natia oili kijiko cha chai, navuta kamba mara mbili taratibu ili oili itambae, narudisha plagi. Navuta tena mpaka nisikie ule mkono wa ndani umeshika, naiacha hapo. Skrubu zote tone la oili. Kisha boriti, kamba ya katani, kiroba. Panya wa Kitangari wamekula mikanda ya kubebea ya jirani yangu, ya kwangu wanaitazama kwa mbali.

Januari nilishuka Lulindi kumpelekea mzee kilo mbili za korosho nilizobangua mwenyewe. Mashine nilikuwa nayo kwenye pikipiki, naipeleka kwa fundi Mkuti abadilishe kamba ya kuwashia iliyokuwa imeanza kusinyaa. Nilimkuta barazani, kwenye mkeka. Shikamoo yangu ikamkuta ameshanyanyuka. Akanipita. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye pikipiki, akakivua kiroba, akafungua kifuniko cha tanki, akainama, akanusa.

"Marahaba," akasema. "Karibu ndani, mwalimu."